Angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa: namna ya kuisoma wiki ya hali mbaya ya hewa Afrika Mashariki

Msimu wa mvua ukishika kasi, kuna aina moja ya ujumbe unaofika kwenye simu kabla ya mvua yenyewe. Angalizo la mvua kubwa kwa baadhi ya maeneo ya mikoa fulani na fulani. Uwezekano wa kutokea: wastani. Athari zinazoweza kutokea: baadhi ya makazi kuzungukwa na maji, shughuli za kiuchumi na kijamii kusimama kwa muda. Anayeupokea huuliza swali moja tu: sasa itanyesha au hainyeshi? Asipoona ndiyo wala hapana, huutuma kwenye kundi la familia na kuendelea na shughuli zake. Wiki ikiisha bila tone mtaani kwake, husema watu wa hali ya hewa wametudanganya tena.

Nimezifuatilia taarifa hizi kwa miaka, na kila nikiona zinavyopuuzwa roho huniuma. Zimebeba habari ambazo mtu akizishika anaweza kuwahamisha watoto mapema, kuvuta chombo ufukweni au kuahirisha safari ya usiku. Tatizo ni kwamba zimeandikwa kwa maneno ya kila siku yaliyopewa maana maalumu. "Kubwa", "wastani", "uwezekano", "baadhi ya maeneo": kila neno lina kipimo nyuma yake, na ukilisoma kama unavyolitumia sebuleni litakupoteza.

Tuanze na neno "kubwa". Kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 haitishi kuisikia. Ni urefu wa kidole cha shahada ukikosa kipande. Lakini milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Chukua nyumba yenye paa la bati la mita 10 kwa 6. Milimita 50 juu ya paa hilo ni lita 3,000, yaani ndoo 150 za lita 20 zimemwagwa juu ya nyumba moja, na zote zinatafuta pa kwenda. Sasa chukua eneo la kilomita moja ya mraba, lililojaa mabati, sakafu za saruji na vichochoro vilivyoshindiliwa na miguu ya watu, ambako ardhi hainywi kitu. Hizo ni lita milioni 50. Zikishuka taratibu kuanzia alfajiri hadi usiku, mitaro inaweza kuhimili. Zikishuka ndani ya saa moja, hakuna mtaro wa kuzimudu.

Hapo ndipo penye mtego wa kwanza. Kipimo cha saa 24 hakisemi maji yameanguka kwa kasi gani. Vituoni, mtu husoma kipimamvua saa 3 asubuhi na kuandika maji yote yaliyoingia tangu saa 3 asubuhi ya jana. Mvua ya manyunyu ya siku nzima na dhoruba ya dakika 40 zinaweza kuacha namba ileile kwenye daftari, ilhali moja imestawisha mahindi na nyingine imeondoka na daraja.

Mtego wa pili umo kwenye ramani za wiki, nao huwanasa hata waandishi wa habari. ICPAC, kituo cha utabiri wa tabianchi cha IGAD (jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake), chenye makao yake nchini Kenya, huhudumia nchi 11, kuanzia Sudan na Eritrea hadi Burundi na Tanzania, na kila wiki hutoa ramani ya siku saba zijazo. Kwenye ramani hiyo, mvua chini ya milimita 50 kwa wiki huitwa ndogo, kati ya 50 na 200 huitwa ya wastani, na zaidi ya 200 ndiyo kubwa. Kwa hiyo eneo lililopakwa rangi ya "wastani" linaweza kupata milimita 150, na 120 kati ya hizo zikaanguka Jumanne usiku peke yake. Kwa kipimo cha siku, Jumanne hiyo ni mvua kubwa mara mbili na zaidi. Aliyesoma "wastani" akalala fofofo hakudanganywa na ramani. Amesoma kipimo cha wiki akidhani ni cha usiku mmoja.

Rangi nazo zina yake. Tanzania hutumia ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Wengi wetu hudhani rangi inapanda kadiri mvua inavyotarajiwa kuwa nyingi. Ukweli ni kwamba rangi huzaliwa na maswali mawili yanayopimwa pamoja: je, kuna uwezekano kiasi gani jambo hili litokee, na likitokea litaumiza kiasi gani? Mvua ambayo karibu ni hakika lakini madhara yake ni madogo inaweza kupata njano. Dhoruba ambayo haina uhakika sana, ila ikija itaua, nayo inaweza kupata njano au zaidi. Rangi ni ile, habari ni mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana mimi huipita rangi haraka na kwenda kwenye ile mistari miwili midogo ya "uwezekano" na "kiwango cha athari". Nikikuta uwezekano mdogo na athari kubwa, najua hii ni wiki ya kujiandaa kwa jambo ambalo huenda nisilione.

Uwezekano wenyewe hautoki hewani. Mwaka 1963 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alionyesha kuwa kosa dogo sana katika kupima hali ya hewa ya leo hukua siku hadi siku mpaka linaharibu utabiri mzima. Baadaye watabiri waliacha kutegemea hesabu moja peke yake. Kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, huendesha modeli yake, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa, mara 51, kila mara wakibadilisha kidogo hali ya kuanzia, kisha wanatazama majibu. Majibu 45 kati ya 51 yakionyesha mvua nyingi Morogoro siku ya Ijumaa, uwezekano ni mkubwa. Yakiwa 15, uwezekano ni kama asilimia 30. Hiyo asilimia 30 haina maana ya mvua kidogo, wala mvua ya theluthi ya siku. Maana yake ni kwamba, katika wiki kumi zinazofanana na hii, tatu hivi zitaleta mvua hiyo. Huwezi kujua ya kwako ni ipi mpaka ifike.

Vimbunga viwili vinaonyesha jambo hili vizuri kuliko hesabu yoyote. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilikuja kikielekea pwani ya Tanzania. Tahadhari zikatolewa, watu wakaingiwa na hofu, kisha Jobo kikapoteza nguvu baharini kabla ya kufika. Maneno yaliyofuata mitaani yalikuwa ya kejeli. Miaka mitatu baadaye, mwanzoni mwa Mei 2024, Hidaya kikaja kwa njia inayofanana na ile. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, na Mei 4 kikafika pwani kikiwa kimepungua nguvu, lakini kikiwa na maji ya kutosha kuikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Kilwa. Tahadhari ya Jobo ilikuwa sahihi kama ilivyokuwa ya Hidaya. Katika zote mbili watabiri waliona hatari iliyokuwapo kweli, na katika mojawapo hatari ikayeyuka. Anayetaka tahadhari zisizokosea kamwe atalazimika kusubiri maji yaingie ndani ndipo aambiwe.

Kinachoisukuma wiki

Hapa watu huchanganya msimu na wiki. El Nino (maji ya Bahari ya Pasifiki yanapopata joto kuliko kawaida), na lile badiliko la joto la Bahari ya Hindi ambapo upande wetu wa magharibi unakuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, ni mambo ya miezi. Yanapendelea msimu uwe wa mvua nyingi au chache, kama ilivyokuwa vuli ya 2019 ambapo bahari upande wetu ilipata joto lisilo la kawaida na mafuriko yakatapakaa kuanzia Somalia hadi Tanzania. Lakini hata katika vuli ile kulikuwa na siku za jua kali. El Nino haiwezi kukuambia kama Alhamisi utaanika mpunga.

Wiki ina vichochezi vyake. Kimojawapo ni wimbi kubwa la mawingu na mvua linaloizunguka dunia kando ya ikweta likielekea mashariki, likichukua kati ya siku 30 na 60 kumaliza mzunguko. Wamarekani wawili, Roland Madden na Paul Julian, waliligundua mwaka 1971, na ndiyo sababu wataalamu huliita kwa majina yao. Sehemu yake yenye mvua inapopita juu ya magharibi ya Bahari ya Hindi, Afrika Mashariki hulowa. Linapokwenda mbali upande wa Pasifiki, mara nyingi kwetu hukauka. Kwa mtabiri wa wiki wimbi hili ni zawadi, kwa kuwa linatembea polepole na huonekana likija.

Kichochezi kingine ni vimbunga vya mbali, na hapa pana jambo ambalo nilipolielewa mara ya kwanza nilikaa nalo siku nzima. Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilizuka upande wa mashariki ya Madagascar. Havikukaribia Kenya wala Tanzania. Lakini vilivuta hewa kutoka magharibi, hewa yenye unyevu wa misitu ya Kongo, ikapita juu ya vichwa vyetu, na masika ya Kenya mwaka ule yakaanza kwa mafuriko. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2019, Idai kilikaa katika mlango wa bahari wa Msumbiji, magharibi ya Madagascar. Kiliiangamiza Beira, kikaua zaidi ya watu 1,000 katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, na wakati huohuo kikanyonya unyevu uliokuwa uje kwetu. Wakulima wa Kenya waliokwishatayarisha mashamba wakaangalia mbingu kavu wiki baada ya wiki. Kwa hiyo ukisikia kimbunga kimezuka Bahari ya Hindi, swali la kuuliza si kama kinakuja kwetu tu. Uliza kiko upande gani wa Madagascar.

Vimbunga vyenyewe huifikia pwani yetu kwa nadra kwa sababu vinahitaji msukumo wa mzunguko wa dunia, na msukumo huo karibu na ikweta ni dhaifu mno. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini ya ikweta, Mtwara nyuzi 10, na ndiyo maana kusini ndiko kunakoguswa zaidi. Nadra, hata hivyo, haina maana ya kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliivuruga Unguja, kikazamisha majahazi na kung'oa mikarafuu. Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi.

Ukiondoa vimbunga na lile wimbi kubwa, mvua yetu nyingi hutokana na mawingu ya radi yanayoinuka palepale mchana, mapana ya kilomita chache tu, na kufa baada ya saa moja au mbili. Mtabiri anaweza kuona siku tano kabla kwamba hewa ya ukanda mzima itakuwa na unyevu na msukosuko. Wingu litasimama juu ya kata ipi, hilo hawezi kulijua mpaka liwe limeanza kukua kwenye rada au satelaiti. "Baadhi ya maeneo" ni kauli ya ukweli kuhusu jambo hilo. Kwa siku ya kwanza hadi ya tatu mimi husoma taarifa kwa kuangalia wilaya. Kwa siku ya tano hadi ya saba naangalia ukanda, na najua itabadilika.

Mvua ya kwako na mvua ya wenzako

Mei 2023 mto Shabelle ulivunja kingo zake ukaufunika mji wa Beledweyne nchini Somalia, na zaidi ya watu 200,000 wakayahama makazi yao. Sehemu kubwa ya maji yale ilinyesha kwenye nyanda za juu za Ethiopia, mamia ya kilomita kutoka pale. Mtu wa Beledweyne aliyesoma utabiri wa Beledweyne peke yake alisoma ramani isiyo yake. Ndivyo ilivyo kwa watu wa Garsen wanaoishi kando ya mto Tana, ambao mafuriko yao huanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya na kuwafikia siku kadhaa baadaye, pengine jua likiwa linawaka. Anayekaa kando ya mto mkubwa anapaswa kutafuta kwenye ramani mahali mto unapozaliwa, sio mahali alipo.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaangukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani mkoani Manyara. Zaidi ya watu 80 walifariki. Ilikuwa vuli yenye El Nino, mlima ulikuwa umekwishakunywa maji mengi, na mvua iliyoongezeka ikakuta udongo usioweza kubeba zaidi. Kiasi hichohicho cha mvua kingeanguka baada ya kiangazi, huenda mlima ungekinywa. Huko Mai Mahiu nchini Kenya, alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani eneo la Kijabe baada ya kalvati, njia ya maji iliyo chini yake, kuzibwa na takataka za mafuriko. Tuta likapasuka. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wakiwa wamelala. Hakuna modeli ya hali ya hewa inayojua kwamba kalvati fulani limezibwa. Anayelijua ni jirani anayepita pale kila siku akienda shambani, na habari yake ina uzito sawa na ya satelaiti.

Kwa hiyo swali ninalojiuliza kabla ya kutazama ramani ya wiki ijayo ni hili: wiki mbili zilizopita kumenyesha kiasi gani hapa? Visima vimepanda? Maji yamesimama uwanjani ambako kwa kawaida hayasimami? Kwenye mlima, kuna nyufa mpya kwenye udongo, miti imeinama, chemchemi imeanza kutoa maji ya tope? Ikiwa majibu ni ndiyo, mimi huipandisha taarifa ngazi moja. Angalizo nalisoma kama tahadhari.

Saa pia ina uzito wake. Usiku wa Mei 2 kuamkia 3, 2023, mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, wakiwa majumbani mwao. Mvua ileile ikija saa 9 alasiri, watu wanaona mto unavyobadilika rangi na wanakimbia. Ikija saa 9 usiku, wanaamshwa na ukuta.

Ziwani na baharini

Ziwa Victoria lina desturi yake inayotabirika kuliko tunavyodhani. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani, na radi hupiga nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo kutoka pande zote hushuka kuelekea ziwani, hukutana katikati na kuinuka, na dhoruba huzaliwa juu ya maji kati ya usiku wa manane na asubuhi. Huo ndio wakati wavuvi wa dagaa wako ndani na karabai zao, kwa sababu dagaa huvuliwa gizani. Alama moja ya kuishika: mchana ukiwa na radi nyingi kuzunguka ziwa, usiku unaofuata huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa dhoruba kali majini. Nahodha anayesikiliza taarifa ya jioni na kukumbuka mchana ulivyokuwa tayari ana nusu ya utabiri.

Baharini, taarifa ya kawaida husema upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2. Hizo mita 2 zinahitaji kuelezwa. Mawimbi ya bahari hayalingani, kwa hiyo urefu unaotabiriwa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Katikati ya hayo, wimbi moja moja hufika karibu mara mbili ya kipimo hicho. Taarifa ikisema mita 2, anayevuka na ngalawa ajue kwamba akikaa majini saa kadhaa anaweza kukutana na wimbi linalokaribia mita 4. Upepo nao haupandi kwa hesabu ya kawaida. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo wake kwenye tanga huongezeka mara nne. Kilomita 40 kwa saa inalisukuma tanga kwa nguvu mara nne ya kilomita 20. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, hali hii hudumu siku kadhaa mfululizo, na hatari huwa kubwa siku ya tatu au ya nne, njaa inapoanza kumwambia mtu kwamba leo pametulia kidogo.

Joto nalo limo kwenye ramani za wiki, ingawa hulitazami kama hatari kwa sababu halina kelele. Machi 2024 Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45. Ukame ni kinyume chake: wiki moja haiwezi kuuonyesha. Misimu mitano ya mvua iliyofeli Pembe ya Afrika tangu mwishoni mwa 2020 haikuwa na hata wiki moja iliyoonekana ya kutisha ukiitazama peke yake.

Jambo la mwisho ni la simu zetu. Taarifa ya siku tano iliyotolewa Jumatatu imekwishabadilishwa na ya Jumanne, na ya Jumanne na ya Jumatano, kwa sababu kila siku modeli huanza upya na vipimo vipya. Ile iliyotumwa na shemeji kwenye kundi la familia huenda ni ya wiki jana, au ya mwaka jana, ramani ikiwa imekatwa pembeni. Kabla ya kuituma mbele, tafuta tarehe na saa ya kutolewa. Isipokuwapo, ifute, ufungue ukurasa wa mamlaka ya hali ya hewa ya nchi yako au uwashe redio saa ya taarifa ya habari, kisha mpigie ndugu yako anayekaa juu ya mto umuulize kwao kumenyesha kiasi gani tangu juzi.